Pambo la katikati ya meza kwa vyombo vya mtumba

Wapendwa, sendofu na harusi zimeshika kasi, na wengi mmeuliza namna ya kupamba meza bila kukodi zile stendi za dhahabu zinazofanana kila ukumbi. Somo la leo ni pambo la ngazi mbili: sahani chini, glasi ya mguu iliyopinduliwa, kisahani juu yake, kisha kikombe chenye maua. Vyote vya mtumba.

Mimi naamini vyombo hivi ndivyo vinavyostahili meza zetu. Watu wa pwani wamepamba kwa vyombo vya udongo karne na karne. Nyumba za zamani za Lamu zina zidaka, yaani vishubaka vilivyojengwa ukutani, na bakuli za Kichina zilipangwa humo ili mgeni azione. Makaburi ya nguzo ya Kunduchi na Mambrui yalipachikwa sahani na bakuli za Kichina. Sahani ya maua ya buluu ikikaa katikati ya meza ya harusi, ipo kwao.

Kuchagua

Hapa ndipo kazi ilipo, msiharakishe. Ukifika soko la mtumba la Karume jijini Dar es Salaam, au Gikomba kwa walioko Nairobi, usitafute seti. Seti ina bei yake. Kikombe kilichopoteza kisahani chake na sahani iliyobaki peke yake ndivyo vinavyouzwa kwa bei ya chini, na kwetu ni mali. Kinachoviunganisha ni rangi moja: buluu na nyeupe, au ukingo wa dhahabu, au waridi hafifu. Amua kabla hujatoka nyumbani, la sivyo utarudi na kila kitu.

Kagua kwa sikio kwanza. Kisimamishe kisahani kwenye ncha za vidole, halafu gonga ukingo kwa ukucha. Kizima kinalia na mlio unakaa. Chenye ufa kinatoa sauti fupi, imekufa. Kisha kiinue juani. Udongo mwembamba, ule mzuri, unapitisha mwanga hadi unaona vivuli vya vidole vyako upande wa pili, na ufa unajitokeza kama unywele. Kwa glasi, pitisha kitambaa laini ukingoni; kikinasa, kuna pengo, iache.

Vipimo vinavyonipa utulivu: sahani ya chini yenye upana wa sentimita 25 hadi 27, kisahani cha juu 14 hadi 16, glasi yenye urefu wa 17 hivi na mdomo mpana, maana mdomo ndio unaosimama chini. Weka sahani nzito chini daima.

Kuosha

Alama za chai hutoka kwa chumvi laini na ndimu. Ukungu mweupe wa maji ya chumvi kwenye glasi hutoka kwa siki vuguvugu. Gundi ya lebo ipake mafuta ya kula, ilale nayo usiku. Vyombo vyenye dhahabu usivisugue kwa waya wa masufuria, dhahabu yote itaondoka. Glasi mbili zikinasana, usivute: mimina maji baridi kwenye ya ndani, zamisha ya nje kwenye maji ya uvuguvugu, zitaachana zenyewe.

Kupanga bila gundi, kisha kubandika

Panga pambo lote likiwa kavu, bila tone la gundi, kisha piga meza kwa kiganja. Likitikisika na kutulia, sawa. Likiyumba, badilisha chombo. Gundi hainyooshi kilichopinda.

Kupata katikati, kata karatasi ya duara inayolingana na sahani, ikunje mara nne, toboa kwenye ncha. Weka alama kwa kalamu ya kufutika. Sehemu zitakazogusana zikwaruze kidogo kwa msasa laini, kwa kuwa gundi haishiki vizuri kwenye mng'ao, kisha zifute kwa spiriti.

Gundi zipo za aina mbili. Araldite, ile ya mirija miwili inayochanganywa sawa kwa sawa, inashika kwa kudumu, si rahisi kutenganisha tena. Silikoni angavu ya mafundi wa vioo inanuka siki ikiwa mbichi, inahitaji saa 24 kukauka, na siku ukitaka kutenganisha unaikata kwa wembe taratibu. Mimi napendelea silikoni, ili vyombo virudi kuwa vyombo. Supaglu achaneni nayo: ikikauka inakuwa ngumu isiyonesa, na mtikisiko mmoja wa gari unaiachisha.

Maua

Pambo zima na maua yake lisizidi sentimita 35, wageni waonane wanapoongea. Ndani ya kikombe bandika selotepu nyembamba juu ya mdomo, mistari ya kukatana, na kila tundu lipate shina lake. Kata mashina kwa mshazari, ondoa majani yatakayozama majini. Kwenye sahani ya chini mwaga asumini. Zichumwe alasiri zikiwa bado vitumba. Zitachanua jioni ukumbini, na harufu itafanya kazi ambayo hakuna stendi inayoiweza.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Naweza kuweka tende na visheti kwenye kisahani cha juu?*
Marahaba mwanangu. Rangi za vyombo vya zamani huweza kuwa na madini ya risasi, hasa zikiwa zimechunika. Tumia kisahani cheupe kisicho na michoro, au weka vitafunwa ndani ya vikombe vya karatasi kwanza.

*Dada, juu nataka glasi yenye mshumaa badala ya kikombe cha maua. Glasi haitapasuka?*
Glasi nyembamba hupasuka moto ukigusa kitako. Weka maji na mshumaa unaoelea, au mchanga mkavu kina cha vidole viwili chini ya mshumaa. Sherehe ikiwa bustanini, mwali uwe chini ya mdomo wa glasi, upepo usiufikie.

*Nilibandika kwa Araldite, nikasafirisha kwenye buti mchana, mbili zimeachia. Kosa langu liko wapi?*
Pole mpenzi. Gundi ile hulegea kwenye joto, na gari lililofungwa juani huwa tanuri. Safirisha asubuhi, au beba vipande na taulo katikati yake, ukabandike ukumbini kwa vidonge vya ile gundi laini ya kubandika karatasi ukutani. Kwa usiku mmoja inatosha, ila watoto wakae mbali na meza.

*Meza yangu ni ya watu kumi. Moja inatosha?*
Meza ya duara ya watu kumi huwa na upana wa sentimita 180 hivi, na pambo moja dogo litapotea. Liweke katikati, kisha lizungushie vikombe vitatu vya rangi ileile vyenye ua mojamoja, kimoja kikiwa kimelazwa kwenye kisahani chake.