Digrii ya muziki ama kujifunza online: kijana wa Kisumu anayetaka kuwa produza aanzie wapi

Matokeo ya KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, yakitoka tu, swali ni lile lile kila mwaka, kutoka Kondele, Nyalenda, Mamboleo hadi Kakamega huko: nataka kuwa produza, niende chuo ama ninunuliwe laptopu nijifunze na YouTube? Na mara nyingi mzazi amekaa hapo kando anasubiri jibu juu yeye ndiye atatoa pesa. Hilo swali huwa nalijibu kwa swali lingine, na naomba usilikimbie. Unataka nani akulipe miaka mitano kutoka leo? Juu kuna wale hulipa wakiona karatasi na kuna wale hulipa wakisikia kazi, na ukikosea hapo utapoteza miaka ama pesa ama zote mbili.

Tuanze na wa karatasi. Ukitaka kufundisha muziki sekondari, TSC, ile tume ya kuajiri walimu, haitakuuliza umemiksi nyimbo ngapi. Inataka digrii ya ualimu, muziki ukiwa moja ya masomo yako mawili. Ukisoma BA ya muziki pekee bado utahitaji diploma ya ualimu ya baada ya digrii ndio usajiliwe, na hii watu wengi huijua wakiwa wameshamaliza, inauma sana. Pia usidharau hii njia eti si ya produza, juu mtaala mpya una mkondo wa sanaa na michezo kwa shule za sekondari pevu, muziki uko ndani, na mwalimu ambaye anajua kurekodi kwaya ya shule vizuri ni mtu anatafutwa. Kuhadhiri chuo nako bila digrii sahau.

Wale wengine wote, yaani msanii wa ohangla, kwaya ya kanisa, mtu wa gospel wa Kakamega anayetaka singo moja, biashara inayotaka tangazo litakalochezwa Ramogi FM ama Mulembe FM, hao hawajawahi kuuliza mtu cheti. Wanauliza "hebu nisikie ile ulifanya juzi." Ukiwa hao ndio wateja unaowaona kichwani, basi digrii ni kitu ya ziada, nzuri, lakini ya ziada.

Sasa kama umepata C+ na zaidi, gredi ya kuingilia digrii, na familia inaweza, ama HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, itasaidia, usiruke chuo kwa sababu ya maneno ya mtandaoni. Huku kwetu Maseno iko hapo tu barabara ya Busia na ina idara ya muziki, Nakuru kuna Kabarak, na Nairobi kuna Kenyatta. Miaka minne ya chuo itakupa vitu ambavyo ukiwa peke yako chumbani utavikwepa: kusoma nota, kufundisha sikio lisikie kodi (chords, nota zinazolia pamoja) bila kushika kinanda, kupanga sauti nne za kwaya, kucheza na watu wengine bila kuwakanyaga. Na itakupa watu. Yule mpiga gitaa wa darasa lenu na yule dada wa soprano ndio wateja wako wa kwanza na wanamuziki wako wa studio, bure kabisa. Lakini kabla hujalipa chochote, panda matatu uende ukaone studio yao kwa macho. Uliza wanafunzi wangapi wanagawana hiyo studio, kama inafunguliwa jioni na wikendi, wanatumia programu gani, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaruhusiwa kushika mashine ama anangoja hadi mwaka wa tatu. Jibu la hilo swali la mwisho lina uzito kuliko kila kitu kwa brosha. Na ukumbuke HELB ni mkopo, ile ya digrii iko na riba ya asilimia 4 kwa mwaka, utailipa hata kama muziki haujaanza kulipa.

Kama hukupata C+, ama pesa haipo, online inatosha kukufikisha kazini, nasema hivyo nikimaanisha. Shida ya online ni kuwa hakuna mtu wa kukupangia, so unaamka leo unaangalia video ya kumasta (kuupa wimbo umaliziaji wa mwisho), kesho ya dramu za amapiano, kesho kutwa mtu anakuuzia plagini (programu ndogo ya kuongezea ile kubwa), na baada ya mwaka umeona kila kitu na hakuna wimbo hata mmoja umeisha. Dawa ni ujiandikie silabasi yako mwenyewe na uiheshimu.

Chagua programu moja ya kutengeneza muziki na ukae nayo. FL Studio watu wengi huku wanaijua so ni rahisi kupata wa kukusaidia, ila jua vitu viwili: ile ya majaribio inakuruhusu kutengeneza na kutoa wimbo lakini ukisevu projekti na ufunge, haifunguki vizuri tena mpaka ununue, na toleo la bei ya chini kabisa la Fruity halirekodi sauti, so kama utarekodi waimbaji usilinunue, nenda toleo la Producer. Reaper unaitumia siku 60 bila kulipa halafu leseni ya mtu mdogo ni dola 60, na inakimbia vizuri hata kwa laptopu ya zamani. Huna laptopu? BandLab iko kwa simu na ni bure, anza nayo leo, usingoje. Laptopu ukiitafuta, RAM ya GB 8 kwenda juu na diski ya SSD, mengine yatakuja.

Miezi ya kwanza iwe ya nadharia na kupanga wimbo tu. Ableton wana tovuti yao ya kufundisha misingi ya biti, melodi, besi na kodi, inafunguka kwa brauza bila kulipa na bila kusakinisha kitu, imalize yote. Halafu Berklee, kile chuo cha muziki cha Boston, wana kozi za uproduza kwa Coursera, ukimaliza hapo utakuwa unaelewa mawimbi ya sauti, ikyu (EQ) na kompresa ni nini hasa badala ya kuzungusha vitufe ukibahatisha. Kazi ya nyumbani ya kila wiki ni moja: chukua wimbo unaoupenda, ujenge upya kutoka sifuri, dramu, besi, gitaa, kila kitu, halafu linganisha. Hakuna kozi inafundisha kama hiyo.

Kurekodi ndio watu wa huku wanaumia zaidi na video za ng'ambo hazisaidii sana, juu yule jamaa wa video yuko kwa chumba chenye ukuta mnene na wewe uko chini ya mabati, mvua ya jioni ya Kisumu ikianza hakuna plagini itakuokoa. Rekodi asubuhi. Ning'iniza blanketi nzito nyuma na kando ya mwimbaji, kona yenye nguo nyingi ni nzuri kuliko sebule tupu, na weka geni (nguvu ya sauti inayoingia) chini, kilele cha sauti kikae kama -12 hadi -6 dB, usipandishe hadi taa nyekundu. Ukirekodi kwa biti 24 (24-bit, si biti ya dramu) hiyo sauti ya chini haikupunguzii kitu.

Halafu kuna nyatiti, kile chombo cha nyuzi cha Wajaluo. Hapa ndio mtu wa magharibi mwa Kenya anaweza kuwa na kitu ambacho produza wa London hana, na hapa ndio chuo na wazee wanapita YouTube mbali sana. Mpigaji ana nyuzi nane, anaimba, ana pete ya chuma kidoleni mwa mguu, oduong'o, anagonga nayo mti wa chombo, na mguuni amefunga gara, njuga zinazolia kila akitikisika. Ukiweka maiki moja mbele yake utapata gara nyingi na nyuzi kidogo. Weka maiki ya kwanza karibu na ngozi ya chombo, kama shubiri moja hivi, ukiielekeza pembeni kidogo isipigwe na mguu, ya pili kwa mdomo, na gara usizipe maiki yake, zitaingia tu zenyewe kwa hizo mbili. Mwambie apige kwa nguvu yote kabla hujaweka geni, juu oduong'o ikigonga ndio inaruka juu kuliko kila kitu. Na usimlazimishe apige na metronomu, ile mashine ya kuhesabu mapigo. Rekodi yeye kwanza, biti itamfuata. Orutu, ile fidla ya uzi mmoja, na isukuti, zile ngoma za Waluhya, pia zina mambo yao, na njia ya kuyajua ni kwenda kukaa na wanaozipiga, ukiwa na digrii ama huna.

Njia ya katikati ambayo watu hawaiongelei ni kuomba kazi kwa studio ya mtaani kama msaidizi. Kunja nyaya, fungua mlango, safisha faili, andika majina ya treki vizuri. Usiombe mshahara mwezi wa kwanza lakini pia usikubali kutumiwa bila mwisho, mkubaliane mapema ni muda gani na utafundishwa nini. Mtu akifanya hiyo mchana na kozi ya online usiku anakomaa haraka sana kuliko yule wa kozi pekee.

Na kitu ya mwisho, hii muisome vizuri juu video za Marekani zitakudanganya, sheria yao si yetu. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 2001, mwenye rekodi ya sauti ni yule aliyefanya mipango ya rekodi kutengenezwa. Sasa msanii akikulipa, akapanga siku, akaleta wanamuziki, anaweza kusema rekodi ni yake yote na wewe ulikuwa fundi tu. So kabla ya kubonyeza rekodi, hata kama ni binamu yako, andikeni ukurasa mmoja: masta (rekodi iliyokamilika) ni ya nani, biti ni ya nani, ikienda Skiza, ile miito ya simu ya Safaricom, kila mtu anapata asilimia ngapi, na jina lako litaandikwaje. Wekeni sahihi wote wawili, piga picha, mtumie kwa WhatsApp hapo hapo ndio tarehe ibaki. Wimbo ukitoka usajiliwe KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, na kama rekodi zako zinachezwa redioni ulizia KAMP, ndio wanaoshughulika na haki za wenye rekodi.