Jicho Moja Likikataa Kufunguka

Mazda 323F yangu ni ya 1992. Kaka yangu aliniachia alipohamia Kisumu, nami naipenda kwa zile taa zake zinazolala kwenye boneti mchana na kuinuka usiku. Aprili iliyopita, nikirudi nyumbani Umoja, Nairobi, kwenye mvua kubwa, taa ya kushoto iliinuka nusu ikakwama, nikiwa katikati ya Jogoo Road. Kesho yake fundi wa gereji moja akachungulia dakika mbili, akasema, "Madam, hii mota imekwisha. Tafuta ingine, ama tuzifunge na waya zikae juu."

Mota, ile inayoinua na kulaza taa, ilikuwa nzima.

Kabla ya kununua chochote, angalia kama zimekataa zote mbili au moja. Zikikataa zote, achana na mota kwanza, maana ni nadra mbili zife siku moja. Tafuta pale zinapochangia umeme: fyuzi, rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme), swichi. Mota hizi huwa na fyuzi yake, mbali na ya balbu, ndiyo maana balbu inaweza kuwaka taa ikiwa bado imelala. Fyuzi mpya ikiungua tena, usiweke kubwa zaidi. Kuna waya uliochubuka unaogusa bodi, au mota inavuta mzigo mzito.

Ikiwa ni moja, iinue kwa mkono ujue vyuma vikoje. Zima taa, kisha fungua waya hasi wa betri. Hapa usiharakishe: mota ikizinduka wakati vidole viko kwenye mkono wake wa chuma, itaviponda. Kwenye mota kuna kifuniko kidogo cha mpira, na chini yake kitufe cha kuzungusha. Kizungushe kufuata mshale, mizunguko mingi, mpaka taa ipande. Kikizunguka kwa ulaini, viungo viko sawa. Kikigoma, safisha vumbi na grisi iliyokauka kwenye viungo, upake mpya.

Changu kilikuwa laini. Nikarudisha betri, mwanangu akakaa ndani kuwasha na kuzima, nami nikapima plagi ya mota kwa multimita, kile kipimo cha umeme. Volti 12 zilifika. Nikasugua mahali waya wa athi, unaorudisha umeme kwenye betri kupitia bodi, unapofungwa. Taa haikusonga.

Ndipo nikaifungua mota, tena betri ikiwa imefunguliwa. Mota hii huzunguka upande mmoja tu: nusu mzunguko inainua taa, nusu nyingine inailaza. Kinachoiambia isimame ni kisahani chenye njia za shaba, kilichokatwa mapengo, na vidole vyembamba vya shaba vinavyoteleza juu yake. Kabla ya kutoa mkono wa chuma nilichora alama kwa kalamu ya rangi, kwa sababu ukiurudisha vingine taa itafumba ulipotaka ifumbue. Nikafungua kifuniko. Grisi ilikuwa imegeuka tope jeusi, na penye kidole kimoja shaba ilikuwa na ukoko wa kijani.

Nilifuta grisi yote kwa kitambaa na spiriti. Ukoko nikaupitisha msasa laini sana, polepole, maana shaba ile ni nyembamba na ukiila hairudi. Vidole vilivyolala nilivinyanyua kidogo kwa ncha ya bisibisi ili viguse vizuri. Grisi mpya ikaenda kwenye gia, na kwenye kisahani nikapaka utando tu.

Nikafunga, nikawasha na kuzima mara kumi injini ikinguruma. Macho yote mawili yalipanda pamoja.

Kilichobaki ni kujua maji yaliingilia wapi. Kile kifuniko cha mpira cha upande wa kushoto hakikuwepo, pengine kilidondoka zamani kwa kaka. Nilikipata Kirinyaga Road, kwenye mota kuukuu ambayo muuzaji alikuwa ameitupa chini ya meza.