Usiichomeke Kwanza: Jinsi ya Kufufua Risiva ya Stirio Uliyorithi

Risiva, yaani redio na amplifaya katika sanduku moja, iliyokaa kabatini miaka mingi haichomekwi kwenye umeme siku unayoitoa. Najua hamu inavyokuwa. Umeirithi, uliikuta ikiimba tangu u mtoto, unataka kuisikia leo hii. Lakini ndani yake kuna kapasita za elektroliti, vipuri vinavyohifadhi chaji ya umeme, zilizolala bila chaji muda wote huo, na kuzipiga umeme wote kwa mkupuo mmoja kunaweza kuua mashine iliyokuwa bado nzima.

Yangu ilikuwa ya baba, Pioneer SX-650 ya mwaka 1976, wati 35 kila upande. Nitakayoeleza yanafaa kwa nyingi za rika lake. Kabla ya bisibisi, tafuta kitabu cha mafundi cha modeli yako, kile chenye mchoro wa saketi na vipimo. Modeli nyingi maarufu vitabu vyake vimo intaneti, na bila hicho utabahatisha mahali pasipotaka kubahatisha.

Fungua kifuniko, piga picha kila kona kabla hujagusa waya wowote. Toa vumbi kwa brashi laini ya rangi. Halafu nusa, maana rezista, kipuri kinachozuia umeme, ikiungua huacha harufu inayodumu. Angalia kapasita zilizovimba kichwani au kuvuja chini. Angalia pia gundi iliyowekwa kiwandani kushikiza vipuri vikubwa: ikizeeka hugeuka kahawia, na hula miguu ya vipuri vilivyo jirani. Ikwangue kwa kijiti mpaka bodi ionekane safi.

Kioo cha stesheni kina mtego wake. Mara nyingi maandishi yake yamechapwa upande wa ndani, na spiriti huyafuta kabisa. Upande huo upulize vumbi tu. Upande wa nje wa kioo changu kuna nukta ya rangi ya kucha, mama aliitia mahali stesheni yake inapokaa. Nimesafisha pembeni yake pote, yenyewe nimeiacha.

Sasa umeme. Tazama nyuma kama kuna swichi ya kuchagua volti na uhakikishe iko kwenye volti za nyumbani kwako. Kagua fyuzi zote. Iliyokatika irudishie ya ampea zile zile, kamwe usizidishe. Kisha tengeneza kifaa rahisi: balbu ya zamani ya waya wa ndani, si LED, ya wati 60, iliyoungwa kwenye waya wa moto ili umeme upite kwenye balbu kwanza ndipo ufike kwenye risiva. Washa bila spika. Mashine ikiwa salama, balbu itang'aa mara moja kapasita zinapojaa, halafu itafifia. Ikibaki inang'aa kwa nguvu kuna shoti ndani: zima, tafuta tatizo. Balbu inakulindia transista za mwisho, zile zinazosukuma spika, na transfoma, na kwa kazi hii sioni kifaa kinachoishinda.

Ukizima na kuchomoa plagi, hatari haijaisha. Kapasita mbili kubwa za pawa hubaki na chaji. Chukua rezista ya omu 470 ya wati 5 yenye waya zilizofunikwa vizuri, iguse kwenye nguzo za kila kapasita kwa nusu dakika, kisha hakikisha kwa mita ya kupimia umeme kwamba volti zimeshuka karibu na sifuri. Kama hatua hii inakutia wasiwasi, mpe fundi mashine na ukae pembeni yake ujifunze.

Watu wengi hukimbilia kubadilisha kila kapasita. Mimi sikubaliani nao. Kila unapolehemu bodi ya miaka hiyo unaweza kubandua njia zake za shaba, na ukibadilisha vipuri arobaini kwa pamoja kisha sauti ikapotea, hutajua kosa liko wapi. Badilisha zile zilizochoka, bodi moja, kisha pima, ndipo uende nyingine. Kapasita mpya iwe na maikrofaradi zile zile, volti sawa au zaidi, na ikiwezekana ya kuhimili joto la nyuzi 105 za Selsiasi. Alama ya hasi ielekee ilipoelekea ya zamani, na hapo ndipo zile picha zinapolipa.

Mkwaruzo unapozungusha volyumu, au upande mmoja unaopotea na kurudi, mara nyingi hutokana na uchafu wa kwenye swichi. Tafuta dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, ile inayoacha ulaini kidogo. Mafuta ya kulegezea kutu usiyatumie. Nyuma ya volyumu kuna tundu dogo karibu na miguu yake. Ingiza mrija hapo, puliza kidogo, kisha zungusha kutoka mwanzo hadi mwisho mara thelathini hivi. Utasikia mkononi inavyolegea. Fanya vivyo hivyo kwa besi, trebo, balansi na kila swichi ya mbele, hata ile usiyoitumia, kwa sababu sauti inaweza kuwa inapita humo.

Spika bado. Weka mita kwenye milivolti za DC (umeme usiogeuka mwelekeo), pima matokeo ya spika kila upande bila kuunga kitu. Chini ya milivolti 50 ni salama. Zikiwa volti nzima, spika itaungua, kwa hiyo rudi kwenye bodi ya pawa. Kisha rekebisha mkondo wa utulivu wa transista za mwisho, yaani umeme mdogo unaopita humo hata bila muziki, kwa kufuata kitabu. Hupimwa kwenye rezista zake: kwa rezista ya omu 0.5, milivolti 10 maana yake miliampea 20. Sogeza skrubu ya kurekebishia mkondo huo polepole, subiri mashine ipate joto, pima tena.

Anza na spika ambazo hutazililia zikiharibika. Baada ya saa moja, chomoa plagi na uguse vyuma vya kupoozea: pande zote mbili ziwe na joto linalolingana. Upande mmoja ukiwa moto kuliko mwenzake, rudia kupima mkondo wa utulivu kabla hujafunga kifuniko. Ukishakifunga, usiweke kitu juu yake, hata kitambaa, maana joto hutoka kupitia matundu ya kifuniko.