Dvina ya Kaskazini: mto, barafu na maboya kwa anayehamia Arkhangelsk

Ukipata chuo au kazi Arkhangelsk, mji wa kaskazini mwa Urusi, utaishi kando ya Dvina ya Kaskazini, Severnaya Dvina kwa Kirusi. Inaanzia Veliky Ustyug, inapokutana mito Sukhona na Yug, inapokea maji mengi ya Vychegda huko Kotlas, kisha inaingia Bahari Nyeupe. Urefu wake ni kilomita 744 hivi.

Ukorofi wake unatokana na kutiririka kuelekea kaskazini. Baridi ikipungua, barafu ya kusini huachia kwanza ilhali huku kaskazini mto bado umeganda. Mapande yanashuka, yanakwama, yanarundikana na kuziba njia. Maji yanapanda nyuma yake na kufurika. Kipindi cha hatari ni mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei. Anayepanga nyumba kwenye visiwa vya delta, pale mto unapogawanyika karibu na bahari, aulize habari za mafuriko kabla hajalipa kodi.

Wakati wa baridi, watu wa visiwa kama Kego huvuka kwa miguu. Pita kwenye njia rasmi iliyowekewa alama tu. Mtu mmoja anahitaji barafu ya sentimita 10 kwa uchache, gari 30. Barafu ngumu ni ile angavu yenye ubuluu. Nyeupe ina nusu ya nguvu hiyo, ya kijivu usiikanyage. Jihadhari na ukingoni, kwani maji kujaa na kupwa hufika hadi mjini na kuipasua. Tena meli za kuvunja barafu hupita kwenda bandarini, na njia uliyoijia asubuhi yaweza kuwa maji jioni. Kibao cha «Выход на лёд запрещён» maana yake ni marufuku kukanyaga barafu.

Begi libebe bega moja, ulivue upesi. Ukitumbukia, tandaza mikono, geukia ulikotoka, piga miguu mpaka ulale kifudifudi juu ya barafu, kisha jiviringishe mbali bila kusimama. Namba ya dharura ni 112.

Kiangazi, kwenye boti, kulia na kushoto huhesabiwa ukielekea mto unakoshukia: maboya mekundu kulia, meupe au meusi kushoto, na usiku taa nyekundu na kijani. Karibu na bahari yanaanza maboya ya kimataifa, yaleyale ya Mombasa na Dar es Salaam: ukiingia kutoka baharini, jekundu liwe kushoto kwako, kijani kulia.