SOMO: Namna ya kuomba punguzo la ada shule binafsi kwa miezi watoto waliyokaa nyumbani (soma yote ndo uulize)

Wakuu habari za jioni. Naandika hili mara moja tu, ili mtu akija tena inboksi na "shule inanidai ada yote na mtoto alikuwa nyumbani, nifanyeje" nimtupie linki nikalale. Tangu Rais Magufuli atangaze kule bungeni Dodoma tarehe 16 Juni 2020 kwamba shule zote zilizofungwa toka Machi kwa ajili ya korona zifunguliwe tarehe 29, simu yangu haipumui, na swali ni lile lile. Mimi sio mwanasheria wala sina shule, niko kamati ya wazazi kwenye shule moja ya msingi ya kutwa hapa Dar, basi.

Kabla ya yote, ondoeni kichwani kwamba serikali itakuja kuwakatia ada. Mnakumbuka ada elekezi ya 2016, ile ya serikali kutaka kuwapangia shule binafsi viwango vya ada, ilivyoishia? Wizara ilijaribu, wenye shule wakaja juu, ikawekwa pembeni. Ada ya shule binafsi ni makubaliano yako wewe na shule, kwa hiyo mnakwenda kuongea na mwenye shule, sio kumshtaki kwa waziri.

Hatua ya 1. Tafuta karatasi ya mchanganuo wa ada ya mwaka huu na risiti zako zote. Huna? Kaombe kwa mhasibu, ni haki yako.

Hatua ya 2. Soma fomu ya kujiunga uliyosaini, hasa ule mstari wa "ada ikishalipwa hairudishwi". Upo karibu kila shule. Usikutishe, kwa sababu wewe huendi kuomba hela irudi mkononi, unaomba ihamie muhula unaofuata. Mkurugenzi hana keshi saa hizi, ukimwambia akurudishie laki nne utakuwa umefunga mlango mwenyewe, lakini ukimwambia asikudai laki nne mbele ya safari hapo mnaongea.

Hatua ya 3. Gawa malipo mafungu matatu, na hapa ndo wengi mnakosea mnapodai "nusu ada" kwa ujumla ujumla.

Fungu la kwanza ni vitu vinavyoliwa kila siku: basi, chakula, uji wa saa nne, bweni, kufuliwa. Kuanzia 17 Machi basi halijaja kumchukua mtoto na sufuria halijawekwa jikoni, hapa huombi huruma, huduma haikutolewa, nukta. Fungu la pili ni vya mara moja kwa mwaka, yani sare, vitabu, bima, mitihani ya moko. Achana navyo, ukivigusa unaonekana msumbufu. Fungu la tatu ni ada yenyewe ya kufundishia, na hii ni ya kujadiliana maana walimu wapo, mikataba yao ipo, mkopo wa benki wa lile jengo jipya nao haujui kama kuna korona.

Hatua ya 4. Piga hesabu kwa karatasi, sio kwa hasira. Mfano wa mtoto wa kutwa: kwa mwaka ada 1,600,000, basi 600,000, chakula 400,000. Januari ulilipa nusu ya kila kimoja, jumla 1,300,000. Tuseme muhula ni wiki 20 (angalia kalenda ya shule yako), watoto wamesoma wiki 10 toka 6 Januari mpaka zilipofungwa. Basi ulilipia 300,000, nusu haikutumika, 150,000. Chakula 200,000, nusu yake 100,000. Hiyo 250,000 unaisimamia mpaka mwisho. Kwenye ada, 800,000 uliyolipa, nusu yake ni 400,000, hapo pendekeza mgawane, shule ibaki na 200,000 ya mishahara na wewe upunguziwe 200,000. Jumla 450,000, ukitoa kwenye 1,300,000 ya muhula unaofuata inabaki 850,000.

Ila kuna kitu msikiruke: ulizeni ratiba mpya ya shule kwanza. Kama shule inasema muhula wa kwanza unaendelezwa na zile wiki zitafidiwa zote, basi ada ya kufundishia wana haki nayo maana watafundisha, punguzo hapo halipo. Ila na basi na chakula ulicholipia Januari ndo kitumike kwenye hizo wiki za fidia, usilipishwe mara ya pili kwa jina la "muhula mpya". Shule ichague moja, haiwezi kufidia na kutoza upya kwa mpigo.

Hatua ya 5. Nendeni watatu au wanne kupitia kamati ya wazazi, na barua. Sio grupu la WhatsApp lenye watu mia mbili wanaotukana, humo ndani kuna shemeji wa mkurugenzi na skrinshoti zinafika ofisini kabla hamjamaliza kuandika. Barua iwe fupi: "Sisi wazazi wa wanafunzi wenye majina hapo chini tunaomba kiasi kilicholipwa kwa ajili ya usafiri na chakula, kwa wiki ambazo huduma hizo hazikutolewa kuanzia 17 Machi 2020, kihamishiwe kwenye malipo ya muhula unaofuata. Aidha tunaomba kikao cha kujadili ada ya kufundishia." Nakala mbili, moja wakugongee muhuri wa kupokelewa ubaki nayo.

Hatua ya 6. MAANDISHI KABLA YA MALIPO. Hii naieleza kwa kirefu maana ilitutokea puani. Mwaka juzi basi la shule lilikufa karibu muhula mzima, tukaenda kwa mkurugenzi, mtu mstaarabu kabisa, akatujibu pale pale koridoni "lipeni pungufu, mhasibu nitamwambia". Tukashukuru, tukalipa pungufu, tukarudi nyumbani tunapongezana. Baada ya miezi kadhaa mhasibu akahama, akaja mwingine, huyo anaangalia kompyuta tu, na kompyuta ilikuwa inasema kila mtoto wa ruti yetu anadaiwa 180,000. Wakati wa mitihani wakatolewa nje ya darasa. Mkurugenzi hakukataa kwamba aliahidi, ila kila mzazi alikuwa anakumbuka kiasi chake, huyu laki na nusu, yule laki mbili, mwenyewe akasema hakumbuki ilikuwa bei gani. Tulilipa.

Kwa hiyo sikilizeni vizuri. Usilipe shilingi pungufu mpaka uwe na karatasi yenye vitu vinne: jina la mtoto na darasa, kiasi kilichopunguzwa kwa tarakimu, kwamba hakitadaiwa baadaye, na saini pamoja na muhuri wa shule. Meseji ya simu sio karatasi. Tangazo la sauti kwenye grupu sio karatasi. Na jihadharini na neno "kuahirishwa", kuna shule zinaandika "sehemu ya ada imeahirishwa" na wazazi wanapiga vigelegele, kumbe ni deni limesogezwa Septemba. Baada ya wiki mbili rudi kwa mhasibu mwambie akutolee taarifa ya akaunti ya mtoto, uone kwa macho yako kwamba salio limebadilika.

Hatua ya 7. Wakikataa, barua kwa bodi ya shule, ikishindikana afisa elimu wa wilaya. Yeye hapangi ada ila anaweza kuwakalisha mezani.

Karibuni maswali. Wasiosoma msije.

MASWALI

Kibarua wa Temeke: Mkuu naomba namba ya wizara niwapigie wawaambie shule yangu ipunguze

Mleta somo: Aya ya pili ndugu yangu.

Kibarua wa Temeke: Sawa ila namba unayo?

Mleta somo: Sina.

Mama Wawili: Asante sana kaka. Mimi shule imenijibu kwamba wametoa masomo ya WhatsApp kipindi chote kwa hiyo ada haipungui hata mia. Kiukweli walikuwa wanatuma picha ya maswali Jumatatu na hakuna anayesahihisha.

Mleta somo: Dada yangu hapa una hoja nzuri kuliko unavyodhani. Usibishane kama walifundisha au hawakufundisha, wewe chukua simu, rudi nyuma kwenye hilo grupu, andika kila wiki yalitumwa maswali mangapi, somo gani, na mangapi yalisahihishwa. Weka kwenye jedwali, ambatanisha na barua. Halafu waulize kwa upole, kipindi ambacho masomo ya bure yalikuwa yanarushwa TBC, ya kwao yaliongeza kitu gani. Ukipata hata robo ya ada chukua. Na basi na chakula hayahusiani na WhatsApp, hilo fungu lako lipo pale pale.

Mama Wawili: Jedwali naanza leo leo 😂

Mzazi wa Bweni: Na sisi wa bweni? Kwetu hawajatenganisha, ni ada moja milioni tatu na laki mbili kila kitu ndani.

Mleta somo: Waombeni mchanganuo kwa barua, hakuna shule ya bweni isiyojua mtoto anakula shilingi ngapi kwa siku, mpishi anajua, stoo keeper anajua. Wakigoma, chukueni ada ya shule hiyo hiyo kwa mtoto wa kutwa kama wanao, tofauti ndo bweni na chakula. Halafu angalizo: ile orodha ya Januari ya rim za karatasi, fagio, jembe, ndoo na sabuni za mche, vitu vyenu bado viko stoo, watoto walikaa miezi miwili na ushee tu. Msikubali orodha mpya tarehe 29.

Mzazi wa Bweni: Aisee orodha tayari wameituma jana. Rim mbili.

Mleta somo: Haya sasa.

Mchokozi: Wewe unatetea wenye shule. 200,000 abaki nayo ya nini, mtoto hakusoma. Inaelekea una hisa.

Mleta somo: Ningekuwa na shule ningekuwa naandika jinsi ya kudai ada, sio jinsi ya kuipunguza. Nenda kadai yote, ukipata njoo utuonyeshe.

Mwalimu wa Hesabu: Mnakata ada na sisi walimu wa shule binafsi wengine toka Aprili hatujaona mshahara. Mimi nimeuza mkaa miezi hii. Mkienda kwenye hivyo vikao mtukumbuke.

Mleta somo: Mwalimu pole sana, na ndo maana nimesema ada ya kufundishia isikatwe yote. Wakuu, kwenye barua ongezeni sentensi moja, kwamba kiasi ambacho wazazi wanakiacha kitumike kulipa mishahara ya walimu. Mkurugenzi akiikubali kwa maandishi na nyie walimu mna pa kushika. Ila mwalimu na wewe niulizie huko ofisini, ada ya muhula mzima ilipokelewa Januari, Aprili ilikuwa imeenda wapi?

Mwalimu wa Hesabu: Hilo basi la njano jipya unaliona? Ndo limo humo.

Mhasibu Mstaafu: Mwalimu, nenda na NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, ukaangalie michango yako. Inatakiwa asilimia 20 ya mshahara kwa jumla, yako na ya mwajiri. Kuna waajiri wanakata kwenye mshahara na hawapeleki, na hii ni toka kabla ya korona.

Jirani wa Nairobi: Salamu kutoka Kenya. Huku shule zimefungwa toka Machi na bado hatujui zitafunguliwa lini, lakini prinsipo (mkuu wa shule) ametuma bili ya karo ya muhula wa pili, masomo ya mtandaoni, amepunguza asilimia kumi pekee. Mtoto wangu yuko PP1 (chekechea), ana miaka minne, anaingia Zoom nusu saa analala. Hii njia yako itasaidia?

Mleta somo: Karibu sana jirani. Sheria za huko sizijui ila hesabu ni ile ile na kwako ina nguvu zaidi, maana unadaiwa kabla hujalipa, sisi tunadai tulichokwisha kulipa. Linganisha saa: kawaida PP1 angekaa shule kuanzia asubuhi hadi mchana, sasa anapata nusu saa, na hiyo nusu saa wewe mzazi ndo umekaa pembeni unamshikia simu. Bando nalo ni lako. Mpeni prinsipo machaguo mawili, ama karo ishuke iendane na saa, ama mtoto apumzike muhula huu na nafasi yake ishikiliwe kwa ada ndogo. Kwa mtoto wa miaka minne mimi ningechagua la pili bila kufikiria sana. Wazazi wa darasa la nane, wanaosubiri mtihani wa taifa, ndo wako pagumu, hao hawana pa kutokea.

Jirani wa Nairobi: La kushikilia nafasi sikuwa nimelifikiria. Shukrani sana ndugu.

Wakili Msomi: Naongezea. Sheria ya Mikataba, Sura 345, kifungu cha 56 kinagusa mkataba unaoshindikana kutekelezwa baada ya pande mbili kuuingia. Ila kwa laki nne usiende mahakamani, nauli na muda vitakula zaidi.

Mleta somo: Msikieni. Mtajeni huyu, mimi msinitaje.

Baba Juniour: Je kwa chuo inakuwaje? Mdogo wangu yuko chuo binafsi

Mleta somo: Vyuo vimefunguliwa toka 1 Juni, na ada ya chuo ni kwa mwaka wa masomo. Wakifidia muhula wote huna hoja, labda ya hosteli.

Mama Wawili: Kaka swali la pembeni, risiti zangu za kwa wakala wa benki zimefutika wino zote, hazisomeki kabisa.

Mhasibu Mstaafu: Karatasi zile zinachukia joto, usiweke kwenye pochi wala kwenye droo ya jikoni. Piga picha siku hiyo hiyo. Zilizofutika nenda tawini na tarehe na kiasi, akaunti ya shule wanayo, wataona kwenye mfumo.

Mama Wawili: Na kwenye slipu naandika jina langu au la mtoto?

Mhasibu Mstaafu: La mtoto na darasa lake. Ukiandika lako mhasibu hajui hela ni ya nani, anaiweka kwenye "zisizotambulika" na mtoto anaendelea kusoma anadaiwa.