Mtoto wa chekechea yuko tayari kusoma? Mimi napima hivi

Nafundisha darasa la awali hapa Tanga, mwaka wa tisa huu, na kilichonidanganya muda mrefu ni kwaya. Unaandika a e i o u ubaoni, darasa zima linapasua paa, unajisemea hawa wameiva. Siku moja nikaanza kugusa kutoka mwisho, u kwanza halafu o, wakaniimbia "a, e" vilevile, hata ubao hawauangalii. Tangu hapo nakaa na mtoto mmoja mmoja dakika tano wenzake wakiwa wanacheza, na wala hajui kama anapimwa.

Vifaa: kitabu cha picha, visoda vilivyooshwa, boksi la kukatia kadi, maka peni na kaunta buku. Basi.

Hatua ya 1: Mpe kitabu kichwa chini. Nyamaza, uone kama atakigeuza. Halafu mwambie "nionyeshe pa kuanzia kusoma", uangalie kidole kinaenda kwenye picha au kwenye maandishi. Ila huku kwetu kuna mtego, mtoto anayesoma chuoni, yaani madrasa, anaweza kukuonyesha kulia, maana juzuu yake inaanzia kulia. Huyo usimhesabie kosa jamani, tayari anajua maandishi yana upande wake, kamzidi yule aliyeweka kidole kwenye picha ya ng'ombe. Mwambie tu "hiki tunaanzia huku", mpitishe kidole mistari miwili mitatu.

Hatua ya 2: Masikio kabla ya herufi. Hapa ndo wengi tunaruka na ndo penye kazi yenyewe. Apige kofi kwa kila kipande cha neno: ba-ba, ki-ko-mbe, nyu-mba. Kisha mpe "mtu". Anatakiwa apige mawili, m-tu, maana hiyo m inasimama peke yake, lakini mbuzi ni mbu-zi, m hapo imeshikana na b. Nilishamkosoa mtoto aliyepiga mawili kwenye "mbwa", nikamwambia moja, kumbe m-bwa, yeye ndo yuko sahihi na mwalimu ndo kapotea.

Halafu geuza, wewe sema vipande polepole, "me... za", yeye akuambie neno. Asiyeweza cheza naye hivyo kila siku, kwenye uji, kwenye foleni ya kunawa, hata mwezi mzima bila chaki. Na kama ukimwita kwa sauti ndogo akiwa kakupa mgongo hageuki, ongea na mzazi ampeleke hospitali akapimwe masikio, kabla hujamwita mzito.

Hatua ya 3: Herufi zikiwa zimechanganywa. Kata kadi, zichanganye kama karata. Irabu tano, kisha m, b, k, t, l, na herufi za jina lake mwenyewe, hizo anazipenda. Uliza sauti, sio jina. Ukimfundisha b inaitwa "be" halafu ukaweka a mbele yake atakusomea "bea", na hajakosea, kasoma ulichompa. Kuchanganya b na d umri huu kawaida tu.

Hatua ya 4: Hadithi fupi. Paukwa, pakawa, unasoma, unafunga kitabu: ilikuwaje? kwa nini alikimbia? Kama nyumbani wanaongea Kisambaa au Kidigo, mwache akusimulie kwa hicho hicho, unapima kama kaelewa, Kiswahili chake utakipima siku nyingine.

Hatua ya 5: Andika. Tiki kwa anayeweza mwenyewe, duara kwa anayeweza akisaidiwa, kistari kwa bado. Asilimia za nini, na habari ya wa kwanza wa pili achana nayo, utawatia wazazi kiherehere bure.

Hatua ya 6: Wagawe kwa alama hizo. Wa masikio wanaendelea na makofi, wa herufi wanachora kwenye mchanga huku wanatamka, walioiva wanapewa visoda vilivyoandikwa ma me mi mo mu, viwili viwili kila kimoja, wavisogeze pamoja: mama, mimi. Wiki ya pili ongeza ba be bi bo bu, wapate baba na bibi. Baada ya wiki sita hivi rudia kupima, kwa kalamu ya rangi nyingine ukurasa uleule, ili mzazi akija umwonyeshe kistari kilichogeuka duara.

Na visoda vihesabu kabla hujawaruhusu kutoka. Kwangu "ma" ndo kinachoibwa sana, nimeshakiandika upya mara nne.