Usikimbilie niru: kutunza baraza na ua wa pevingi, zege na mawe huku Tanga

Masika yakiisha tu hapa Tanga simu za mafundi zinaanza kuita. Ua umebonyea, baraza limechubuka, zege limepasuka pembeni, na fundi akifika anaangalia dakika mbili alafu anasema "mama hapa tupige niru tu iishe", yaani ule uji wa sementi unaopakwa juu na kulainishwa. Na kweli inaisha, kwa miezi kadhaa, mpaka mvua zinazofuata niru ianze kubanduka vipande vipande na ukichungulia chini yake unakuta hali mbaya kuliko mwanzo. Mimi sina ugomvi na niru, ndani ya nyumba sakafu yake inapendeza na kudeki ni rahisi, ila kwa nje huku pwani nasema wazi ndo inaua mabaraza mengi kuliko mvua yenyewe.

Kwanini? Sisi hatuna barafu ya kupasua matofali kama wenzetu wa nchi za baridi, lakini tuna chumvi. Inakuja na upepo wa bahari, hasa kusi likivuma, inakuja na maji ya visima vyetu vya magadi, na mara nyingine inakuja kwenye mchanga wenyewe kama mtu kaenda kuzoa ufukweni. Maji yanaingia kwenye vitundu vya tofali au jiwe yamebeba chumvi, jua linakausha, maji yanatoka chumvi inabaki inakua chembe chembe. Kama uso wa jiwe unapumua, chumvi inatoka nje unaiona ule unga mweupe, unaufagia basi. Kama uso umezibwa na niru au rangi ya mafuta, chumvi inakua nyuma ya hiyo ngozi na inaisukuma mpaka ibanduke, na ikibanduka inaondoka na kipande cha jiwe. Ukilielewa hili mengine yote humu yanafuata.

Sasa tuanze na maji maana hapa tunapata mvua zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi zinakuja Machi mpaka Mei kwa fujo, na vuli Oktoba mpaka Desemba. Subiri mvua kubwa iishe, toka nje na chaki, zungushia kila sehemu maji yamesimama. Dimbwi likikauka ndani ya nusu saa usihangaike nalo, likikaa mpaka jioni hapo pana kazi. Ua unatakiwa uteremke kutoka kwenye nyumba, sentimita 2 kila mita 1 inatosha, kwahiyo baraza la mita 4 mwisho wake uwe chini kwa sentimita 8 hivi. Fundi akikuambia anaona kwa macho mwambie alete mpira wa maji wa kupimia usawa, ni bei rahisi na haudanganyi. Alafu angalia maji yanayotoka kwenye bati yanaangukia wapi, bomba la AC linadondokea wapi, na bomba la kutawadhia liko wapi, maana pale kwenye bomba la udhu ndo kila siku mara tano panalowana na ndo pa kwanza kuota ukoga na kubonyea. Weka kokoto pale chini au chimba kijifereji kipeleke maji kwenye migomba.

Pevingi

Pevingi, yale matofali ya zege ya kupanga uani, ikipigwa vizuri inavumilia huku kwetu kuliko kitu chochote kwasababu kila tofali linacheza kivyake na maji yanapita katikati. Sasa watu wanaona mchanga wa kwenye maungio umetoka, majani yameota, wanamwaga uji wa sementi ua mzima. Usifanye hivyo jamani. Ukishamwaga sementi umegeuza ua kuwa zege jembamba lisilo na nguvu, likipata joto linatanuka halina pa kwenda, matofali yanavunjika kingo, na maji yaliyokuwa yanazama yanatafuta njia ya kuelekea msingi wa nyumba.

Kinachotakiwa ni mchanga mkavu wa mto uliochekechwa. Sio wa ufukweni. Umwage juu siku ya jua kali, ufagie huku na huku uingie kwenye maungio, gonga gonga na kipande cha ubao na nyundo (ukiwa na hela kodi kompakta, ile mashine ya kushindilia, uweke na zulia bovu chini yake isichubue), fagia tena mpaka maungio yashibe. Hii kazi ifanye kila mwaka kabla ya Machi na ua wako utakaa.

Palipobonyea usijaze juu. Toa tofali moja kwa bisibisi mbili bapa, la kwanza linasumbua, yanayofuata yanatoka yenyewe. Toa eneo kubwa kidogo kuliko lililobonyea. Angalia chini: kama kuna tundu limechongwa na maji basi tafuta maji yanatoka wapi kwanza, mara nyingi ni kwenye ukingo ambao hauna kizuizi au bomba linalovuja kimya kimya. Shindilia kifusi, ongeza vumbi la kokoto kama sentimita 3 ulisawazishe kwa ubao, rudisha matofali yakiwa juu kidogo ya wenzake kwa milimita chache, yakigongwa yatashuka yenyewe. Na kingo, kingo ni lazima, ua wa pevingi usio na kingo za zege pembeni unasambaa taratibu kila masika mpaka maungio yanaingia kidole. Kwa wanaoingiza gari, tofali la milimita 60 litakusumbua, nunua la 80 hata kama muuzaji anasema yote sawa.

Majani ya kawaida yanang'oka kwa kisu. Ndago ndo kiboko, ukiivuta juu kile kitunguu chake kinabaki chini na baada ya wiki imerudi na wadogo zake. Ndago ikiwa nyingi sehemu moja toa matofali yale, chimba vitunguu vyote ufukunyue na mchanga, rudisha. Maji ya chumvi ambayo watu wanashauriana kumwagia majani usiyaguse, tumeshasema chumvi inafanya nini.

Zege

Zege kupasuka sio msiba, zege lote linapasuka, swali ni linapasukia wapi. Slabu ya mita 4 ikipata joto la nyuzi 20 zaidi inarefuka karibu milimita 1, na slabu yetu asubuhi na saa nane mchana tofauti ni kubwa. Ndo maana fundi anayejua anakata mistari kila baada ya mita 3 hivi, kina cha robo ya unene, ili ipasukie humo.

Ufa mwembamba usioingiza kucha acha. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake mbili na uandike tarehe, baada ya vuli kaangalie. Haujasogea? Endelea na maisha yako. Unarefuka, au upande mmoja umepanda juu ya mwenzake, hapo kuna kitu chini, na huku kwetu mara nyingi ni mzizi. Mkungu unapendwa kwa kivuli chake lakini mizizi yake haina adabu, mwembe hivyo hivyo. Kuziba ufa ambao mzizi bado unausukuma ni kutupa sementi.

Ufa uliotulia ila ni mpana, upanue kwa tindo mpaka ufike kwenye zege gumu, toa vumbi lote, lowesha vizuri usiku wake, asubuhi jaza sementi 1 mchanga 2 mchanganyo mkavu mkavu unaoshikana ukiufinya, shindilia kwa mwiko. Maji ya kuchanganyia yawe ya bomba. Alafu funika na gunia la katani lililoloa, hilo Tanga hatukosi, limwagie maji asubuhi na jioni siku 7. Hapa ndo mafundi wengi wanaharibu, wanapiga kazi saa sita mchana jua la Februari, wanaondoka, jioni pameshakauka na panatoa unga ukipitisha kidole. Sementi haikauki kama tope, inahitaji maji ili iwe ngumu.

Ukiona doa la kahawia linatoka kwenye zege alafu panavimba, ni nondo au wavu wa chuma una kutu ndani. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, ndo inasukuma. Wa Raskazone na Sahare, mlio karibu na bahari, mnalijua hili. Kupaka juu hakusaidii kitu, inabidi uchonge zege mpaka nyuma ya nondo, usugue kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, upake dawa ya kutu kisha ujaze. Nondo ikiwa imeliwa sana mwite mtu anayejua, hasa kama baraza limeinuka juu na chini kuna uwazi.

Mawe na mabaraza ya zamani

Hapa nitakaa kidogo maana ndo panaharibiwa sana. Nyumba za zamani za Tanga mjini, Pangani na Mji Mkongwe wa Bagamoyo, mabaraza yake yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Hayo mawe yana vitundu vingi yananyonya maji na yanayatoa, na chokaa nayo inapumua. Nenda Tongoni hapa Tanga au Kaole kule Bagamoyo ukaangalie magofu, yalijengwa bila hata kijiko cha sementi na yamekula karne kadhaa za kusi na kaskazi. Sasa anakuja fundi anapiga plasta ya sementi na niru juu ya baraza la namna hiyo, unyevu unaopanda kutoka ardhini unakosa pa kutokea, jiwe lililo nyuma linageuka unga taratibu na wewe unaona plasta safi tu, mpaka siku mtu anakaa pembeni kipande kinaondoka naye.

Baraza la matumbawe litengeneze kwa chokaa. Chokaa iliyozimwa 1, mchanga wa mto uliochekechwa 3. Toa ile iliyolegea kwa mkono na brashi laini, lowesha jiwe, jaza maungio kwa tabaka jembamba, sio unashindilia sentimita 5 mara moja. Weka kivuli na gunia bichi, chokaa inataka polepole, wiki kadhaa, na kama mvua imekaribia ahirisha. Chokaa ni kali, vaa glavu na miwani, ikikuingia jichoni osha kwa maji mengi na kimbia hospitali. Kwa walio Mji Mkongwe Bagamoyo, kabla hujagusa chochote waulize watu wa mambo ya kale, nyumba nyingi pale zinalindwa.

Na asidi marufuku. Matumbawe, na yale mawe ya chokaa ya Pongwe, ni chakula cha asidi, ukimwagia unaona linatoa povu, hilo povu ni jiwe lako linaondoka. Hata siki na ndimu zinalila taratibu. Asidi ya betri ambayo vijana wanaitumia kung'arishia sakafu inakula na sementi pia.

Matofali ya kuchoma sina mengi. Yagonge kwa sarafu, yanayolia yafaa, yanayotoa sauti ya tope yalikosa moto na hayafai kukanyagwa nje kabisa, yatoe moja moja ubadilishe.

Ukoga na uweupe

Ukoga wa kijani unaleta ajali, wazee wanateleza alfajiri wakienda msikitini. Sugua na fagio gumu kwanza, alafu jiki kipimo 1 kwa maji 10, acha dakika 15, sugua, suuza kwa maji mengi, mimea ya jirani imwagie maji kabla na baada. Jiki usichanganye na siki, asidi wala dawa nyingine ya choo, inatoa hewa ya sumu. Alafu punguza matawi jua liingie, bila hivyo utasugua kila mwezi. Mashine ya kuoshea magari inafaa ila ukiisogeza karibu inachimba mchanga wa pevingi na kufungua uso wa zege, kaa nayo mbali kidogo na uilaze, na ukimaliza rudisha mchanga.

Ule unga mweupe kwenye pevingi mpya ni chokaa ya ndani ya sementi inatoka na maji, ufagie ukiwa mkavu, ukimwagia maji unaurudisha ndani. Mvua za msimu mmoja au miwili zinaumaliza.

Dawa za kuzuia maji, zile zinazofanya sakafu ing'ae kama imelowa, nje huku mimi siziafiki, zinafunga unyevu ndani, zinageuka weupe na zinateleza. Kama lazima, chukua inayozama ndani isiyoacha ngozi, na uipake Januari au Februari pakiwa pamekauka siku kadhaa mfululizo.

Mwisho kabisa shughuli. Sufuria la pilau la harusi juu ya mafiga matatu, moto wa kuni moja kwa moja kwenye pevingi au zege, unyevu wa ndani unageuka mvuke na uso unaruka vipande, na vikiruka vinaweza kumpata mtu machoni. Waambie wapishi wapikie kwenye udongo, ikishindikana mwaga mchanga kiasi cha kiganja kwenda juu na upange matofali mabovu juu yake. Mafuta yakimwagika yafunike na majivu usiku ule ule, asubuhi fagia usugue kwa sabuni ya unga na maji ya moto, yakilala siku tatu yameshaingia.